Jicho la Mgeni Katika Embu na Meru

Wahenga walisema, "Tembea uone." Neno hili ni fupi, na hapana mtoto wa shule asiyelijua, lakini ndani yake mna sharti ambalo wengi wetu hulisahau. Wahenga hawakusema, "Tembea uhukumu." Walisema tembea uone, na kuona ni kazi inayotaka subira. Macho ya mgeni yamezoea vitu vya kwao. Apitapo katika nchi ya watu huvutwa upesi na jambo lisilofanana na la kwao, akalicheka au akalistaajabia. Jambo linalofanana na la kwao hulipita kama mti wa njiani. Ndiyo sababu maelezo mengi ya wasafiri hutupa habari za msafiri zaidi kuliko habari za nchi aliyoizuru.

Msomaji, nataka kukuchukua katika nchi ya Embu na Meru, iliyolala kando ya Mlima Kenya upande wa kusini mashariki na mashariki. Mimi ni mtu wa Pwani. Nilizaliwa Lamu, na kazi yangu ya ualimu iko Mombasa. Safari hii niliifanya mwezi wa Desemba 2024, shule zilipofungwa. Mwenyeji wangu alikuwa mwalimu mwenzangu tuliyesoma pamoja katika chuo cha ualimu. Kwao ni Mbeere, nchi kavu ya upande wa chini wa Embu, na mkewe ni mtu wa Igembe, karibu na mji wa Maua katika milima ya Nyambene. Kwa hivyo nilikuwa na nyumba mbili za kufikia, moja mwanzo wa safari na moja mwisho wake, na kati ya nyumba hizo barabara nzima ya kutazama.

Tena nilikwenda na swali moja moyoni. Miaka kadha iliyopita nilimfundisha kijana wa kidato cha tatu, mwepesi wa hesabu kuliko wenzake wote. Kijana huyu alianza kutafuna muguka usiku, kwanza kwa ajili ya kukesha akisoma, kisha kwa ajili ya kukesha tu. Mchana alilala darasani. Baada ya miezi michache akaacha shule, na mama yake alikuja kwangu kuniuliza kama namna ya kumrudisha ipo. Mwezi wa Mei 2024 kaunti ya Mombasa ilipiga marufuku muguka, na kaunti nyingine za Pwani zikafuata. Lakini Mahakama Kuu iliyoketi Embu ikasimamisha amri hizo kwanza, ili kesi isikilizwe. Huku kwetu wazazi walilalamika, na huko Embu wakulima walishangilia. Nikasema moyoni mwangu: nchi ambayo furaha yake ni kilio chetu ni nchi gani? Yafaa niione.

Atokaye Nairobi kwenda Embu hupita Thika, kisha huteremkia mashamba ya mpunga ya Mwea, yaliyonyooka kama mistari ya daftari. Baada ya hapo nchi huanza kupanda. Embu ni nchi ya ngazi. Juu kabisa, chini ya msitu wa mlima, pana chai. Chini ya chai pana kahawa. Chini ya kahawa pana mahindi, migomba na viazi vikuu. Na ukiteremka zaidi, hewa hubadilika, udongo huwa wa mchanga na mawe, miti huwa ya miiba, nawe umefika Mbeere. Mtu anaweza kupata kifungua kinywa katika baridi ya kuvaa koti, na adhuhuri akawa katika joto linalomkumbusha mtu wa Mombasa kwao. Mvua inayowatajirisha watu wa juu huwapita watu wa chini ikiwa mto tu. Katika Mto Tana, kwenye mipaka ya nchi hiyo kavu, yamejengwa mabwawa matano ya umeme: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu mwaka 1974, Gitaru mwaka 1978, Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988. Taa nyingi za Kenya zimewashwa kwa maji hayo. Lakini nilipokuwa Mbeere niliwaona wanawake na punda wao wakiyafuata maji ya kunywa kabla ya jua kuchomoza.

Nilifika nyumbani kwa mwenyeji wangu jioni, naye akanipeleka kwa mama yake, bibi aliyepita umri wa miaka sabini. Kwetu kijana humwamkia mkubwa kwa "Shikamoo", na mtoto mdogo hubusu mkono wa mzee. Nilipomwamkia hivyo, bibi yule aliushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akaniuliza habari za safari, habari za mama yangu, habari za mvua ya kwetu na habari za ng'ombe wetu. Mwanawe alikuwa mfasiri wetu. Nilimjibu kwamba sisi hatuna ng'ombe, tuna mashua. Alifikiri kidogo, akauliza kama mashua nazo hupata maradhi. Nikamwambia hupata, kwa kuwa wako wadudu wa baharini wanaozitoboa mbao zake, na mwenyewe asipozitunza huzama. "Basi nazo ni mifugo," akasema, akaniachia mkono.

Chakula chetu usiku ule kilikuwa mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja, na bakuli la ndengu. Ndengu hizo ndizo pojo za kwetu. Sisi huzipika kwa nazi, wao kwa vitunguu na mafuta kidogo. Asubuhi tulikunywa uji wa mawele, mzito, wenye uchachu wa kupendeza. Juu ya miti ya miiba nyuma ya nyumba ilikuwa imetundikwa mizinga ya nyuki, magogo yaliyochimbwa ndani yakazibwa ncha zake. Nilidhani asali ile ni ya kuuza tu. Niliambiwa kwamba huuzwa, lakini kazi yake ya heshima ni nyingine: mtu hawezi kwenda kuposa mikono mitupu, na miongoni mwa vitu vya posa na mahari katika nchi hizi, pamoja na mifugo, asali ina mahali pake tangu zamani. Nyuki wa Mbeere, basi, ni washenga pia.

Siku ya pili niliona shamba la muguka. Mmea ule si mrefu; huchumwa majani yake laini, tena na tena, na hustahimili ukame ambao mahindi hayaustahimili. Wachumaji huamka mapema, maana majani hunyauka upesi, nayo hayana budi kusafiri siku ile ile. Nilimwuliza bibi kwa nini wameupanda mmea huu. Alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Mwalimu, unaniuliza kwa nini nimepanda. Ungeniuliza kwanza nilivyolala kabla sijapanda." Akanieleza kwamba zamani walilima pamba, na soko la pamba likafa. Walipanda mahindi, na jua likayala. Watoto walirudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Mmea huu ndio uliomsomesha mwanawe, yaani mwalimu mwenzangu, niliyekaa naye dawati moja chuoni bila ya kujua fedha zake zilitoka wapi.

Nami nikamweleza habari za kijana wangu wa hesabu. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakukana, wala hakuniambia kwamba jani lake halina madhara. Aliuliza neno moja tu: "Mtoto huyo nani alimuuzia?" Sikuwa na jibu, nasi tukanyamaza wote watatu. Neno hilo nilisafiri nalo hadi Maua.

Kutoka Mbeere tulipanda tena mpaka Embu mjini, tukafuata barabara ya Runyenjes. Huku ndiko Waembu wanakoitaja asili yao. Husimulia kwamba Mungu alimwumba mtu aitwaye Mwenendega, akampa mke mzuri karibu na maji ya Mbui Njeru, na uzao wao ndio ulioijaza nchi. Mlima nao, wakati mawingu yanapoondoka, huonekana umeinamia mashamba kama mzee aliyejifunika shuka nyeupe. Vilele vyake hufika mita 5,199, na tangu zamani watu wa pande zote za mlima waliomba wakiuelekea.

Hapa yafaa tumkumbuke msafiri mwingine aliyetoka Pwani. Tarehe 3 Desemba 1849, Johann Ludwig Krapf, mmisionari wa Kijerumani aliyekuwa akikaa Rabai, aliuona mlima huu kutoka nchi ya Ukambani. Kabla ya hapo alikutana na mtu wa Embu, ambaye alimwambia kwamba amekwenda mlimani mara nyingi, ila hakupanda juu sana kwa sababu ya baridi kali na kitu cheupe kinachoporomoka kwa kishindo. Krapf aliamini kwamba kitu hicho ni theluji. Mabingwa wa jiografia huko Ulaya, ambao hawakupata kutia mguu katika nchi hii, walibisha. Walisema theluji haiwezi kukaa karibu na Ikweta. Miaka mingi ilipita kabla wasafiri wengine hawajaleta habari za kuwanyamazisha. Mtu wa Embu hakuwa na kitabu wala chombo cha kupimia. Alikuwa na jambo moja ambalo mabingwa hawakuwa nalo: alikuwa amefika.

Baada ya Mto Thuchi tuliingia kaunti ya Tharaka Nithi, tukapita Chuka, mji wa watu wanaosifiwa kwa ngoma zao ndefu, ambazo mpigaji huzibana kati ya miguu akacheza nazo. Barabara hapa hupanda na kuteremka mabonde ya mito bila ya kupumzika. Tulipofika daraja la Nithi abiria wote walinyamaza. Mwezi wa Julai 2022 basi lililokuwa likitoka Meru kwenda Mombasa liliporomoka hapo, na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha yao. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu alifunga macho mpaka tukavuka, kisha akaendelea na hadithi yake pale alipoikatiza.

Njiani tuliwaona vijana waliotahiriwa karibuni. Desemba ndio mwezi wao. Kwetu mtoto wa kiume hutahiriwa angali mdogo, wala hakumbuki siku ile. Huku hutahiriwa amalizapo masomo ya awali, naye hutengwa kwa siku kadha akifundishwa na wakubwa zake namna ya kuwa mtu mzima. Zamani Wameru walikuwa na nyumba ya vijana iitwayo gaaru, ambamo mashujaa walilala na kufunzwa kulinda nchi. Gaaru haziko tena. Kazi yake imegawanywa kati ya shule, makanisa na wazee wa ukoo. Wazazi wengine waliniambia kwamba kazi iliyogawanywa kwa wengi aghalabu haifanywi na yeyote. Huko Pwani nimewahi kuyasikia maneno hayo hayo yakisemwa juu ya vyuo vya Kurani na madrasa. Nimekwambia, msomaji, kwamba mgeni huyapita yale yanayofanana. Hili sikutaka kulipita.

Mji wa Meru uko karibu sana na Ikweta, nao ni mji wa baridi ya asubuhi. Watu husalimiana kwa neno "Muga". Sokoni nilikuta ndizi za kila namna, nduma, viazi, kabichi kubwa kama vichwa vya ngoma, na wanawake wanaojua kupigania shilingi kumi kwa adabu. Lakini kitu kilichonishika zaidi Meru hakikuwa cha kuuzwa. Mzee mmoja, aliposikia kwamba natoka Lamu, aliniambia, "Basi wewe unatoka kwetu."

Nilidhani ananitania. Akanisimulia hadithi ambayo kila mtoto wa Meru huisikia. Wazee wao, alisema, walikaa katika kisiwa kiitwacho Mbwaa, penye maji makuu. Wakaja watu waliovaa nguo nyekundu, Nguo Ntune, wakawafanya watumwa. Watu hao waliwapa Wameru kazi zisizowezekana, wapate sababu ya kuwaangamiza. Waliambiwa watoe tunda lililotumbukizwa katika shimo refu bila ya kulichimba shimo. Wakamimina maji, na tunda likaelea. Waliambiwa walete mbwa mwenye pembe. Wakamfunga mbwa pembe za paa. Mwisho waliambiwa watengeneze mkuki unaofika mbinguni. Hapo waliona kwamba akili imefika ukingoni na kilichobaki ni miguu. Kiongozi wao, Koomenjwe, akawaongoza usiku mpaka kwenye maji, akayapiga kwa fimbo, maji yakapasuka. Waliovuka gizani wakaitwa weusi, waliovuka alfajiri wakaitwa wekundu, na waliovuka jua limetoka wakaitwa weupe. Na mpaka leo koo za Wameru huhesabiwa kwa rangi hizo tatu.

Wataalamu kadha wa historia wamedhani kwamba Mbwaa ni mahali katika kisiwa cha Manda, mkabala wa Lamu. Manda naiona kutoka gati la kwetu. Utotoni nilikwenda huko kwa mashua. Mimi si mwanahistoria, wala sitaki kukata shauri katika jambo ambalo mabingwa bado wanalijadili. Lakini fikiri, msomaji: nimesafiri siku mbili ili nitazame watu wa mbali, nao wananiambia kwamba mimi ndiye niliyebaki nyumbani. Tena wananiambia kwamba walitukimbia, au walimkimbia mtu wa pwani zetu, kwa sababu ya utumwa. Mgeni hupenda kuuliza maswali juu ya mila za wenyeji. Si mara nyingi huulizwa juu ya za kwao. Watu wa Pwani tunazo habari za utumwa ambazo hatuzisemi sana mezani. Wameru wamezihifadhi kwa hadithi ya mbwa mwenye pembe.

Kutoka Meru tulikwenda Nchiru, katika nchi ya Tigania, penye makao ya Njuri Ncheke, baraza kuu la wazee wa Meru. Baraza hili lilitunga sheria, lilisuluhisha magomvi ya ardhi na mifugo, na lililinda misitu na chemchemi kwa viapo. Bwana H. E. Lambert, Mwingereza aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Meru katika miaka ya 1930, alilichungua kwa makini na kulipatia nafasi katika utawala wa wakati ule. Wasomaji wa Kiswahili huenda wanalijua jina lake kwa sababu nyingine, kwani baadaye aliandika vitabu vya lahaja za Kiswahili, kama Kivumba na Kijomvu. Siku hizi Njuri Ncheke bado lipo. Jirani na makao yake pamejengwa chuo kikuu, katika ardhi ambayo wazee hao waliitenga kwa ajili ya elimu.

Lakini nisikuonyeshe upande mmoja wa shilingi. Si kila mila niliyoisikia ni ya kusifiwa, na mwenyeji wangu hakunificha. Zamani wasichana wa nchi hii walikeketwa, jambo lililowaletea maumivu, maradhi na hata mauti wakati wa kuzaa. Mwaka 1956 Njuri Ncheke, kwa kusukumwa na serikali ya kikoloni, lilipiga marufuku tendo hilo. Nini kilitokea? Wasichana wengi walikataa kutii. Walikwenda porini wakakeketana wenyewe kwa wenyewe, wakaitwa Ngaitana, maana yake "nitajitahiri mwenyewe". Katika miaka mitatu iliyofuata watu zaidi ya 2,400, wasichana, wanawake na wanaume, walishtakiwa kwa kuivunja amri ile. Wasichana wale waliamini kwamba bila ya tendo hilo hawatahesabiwa kuwa watu wazima, na amri haikuwapa kitu cha kuweka mahali pake. Sheria ya Kenya ya mwaka 2011 inakataza ukeketaji, na haki iko upande wa sheria. Lakini walioupunguza hasa ni mama waliowaambia binti zao ukweli, walimu, wauguzi, na wazee waliokubali kwa hiari yao kusimama hadharani na kuukana. Amri huziba mlango, nao walio ndani hutafuta dirisha. Neno la mtu anayeaminiwa huwatoa wenyewe.

Mwisho tulifika Maua, kwa wakwe wa mwenyeji wangu. Hii ndiyo nchi ya miraa. Mmea wa miraa ni ule ule wa muguka kwa jinsi yake. Ila Embu hutafunwa majani, na huku hutafunwa ngozi ya vijiti vichanga. Miti mikongwe ya miraa huitwa mbaine, nayo huheshimiwa kama wazee, kwa maana mingine ilipandwa na mababu waliokufa zamani. Vijiti huchumwa, hufungwa mafungu, husetiriwa kwa majani ya mgomba yasikauke, kisha magari hukimbia nayo kwenda Nairobi kwa mwendo ambao Mungu ndiye anayeuvumilia. Uholanzi iliipiga marufuku miraa mwaka 2013 na Uingereza mwaka 2014, na katika nyumba za Nyambene miaka hiyo hutajwa kama watu wengine wanavyotaja miaka ya njaa. Mwaka 2016 sheria ya Kenya iliitambua miraa kuwa zao la biashara, nao watu wa huku waliona kwamba wamehesabiwa.

Baba mkwe wa mwenyeji wangu alinionyesha fungu moja lililofungwa kwa uangalifu kuliko mengine. Hilo huitwa ncoolo. Kijana anapotaka kuoa, wazee wake hupeleka fungu hilo kwa wazazi wa msichana. Likipokewa, maneno yamefunguliwa. Nilimwuliza kama kijana huyo na rafiki zake hutafuna pamoja na wazee. Mzee alistaajabu. Akaniambia kwamba katika desturi ya zamani miraa ilikuwa ya wazee. Mzee aliyemaliza kazi za mchana alitafuna barazani, wakati wa kusuluhisha magomvi yanayotaka usiku mzima. Kijana mwenye nguvu za shamba na za vita hakuruhusiwa, na mtoto asingethubutu kugusa. "Siku hizi?" nikauliza. Mzee akaonyesha kwa kidevu barabara ambayo magari hupita. "Siku hizi," akasema, "anayeuza hamjui anayenunua."

Hapo nililipata jibu la swali la bibi wa Mbeere, na pia sehemu ya jibu la swali langu mwenyewe. Desturi si kitu kimoja. Desturi ni kitu pamoja na mwiko wake. Wazee wa Nyambene walikuwa na jani, na kando ya jani walikuwa na ua: nani atafune, wakati gani, mbele ya nani, kwa kazi gani. Biashara ilipokuja, ililichukua jani ikaliacha ua lake mlimani. Jani likateremka peke yake mpaka Mombasa, likamkuta kijana wa miaka kumi na sita aliyekuwa na mtihani asubuhi, wala hapakuwa na mzee wa kumwambia, "Bado." Aliyemuuzia hakuwa Mbeere wala Maua. Alikuwa jirani yetu, katika mtaa wetu, mwenye kibanda ninachokipita kila siku niendapo shuleni.

Sisemi haya ili kuwasafisha wakulima na kuwatia lawama wachuuzi peke yao. Anayepata faida ya kitu hana budi kuyajua madhara yake, na wakulima wa Embu na Meru wanapaswa kusikiliza kilio cha Pwani kama nilivyosikiliza chao. Wala sisemi kwamba serikali ikae kimya. Mtoto ni mtoto, na sheria imfae. Nasema hivi: tukitaka kuukinga mji na kitu kilichotoka mbali, haitoshi kumchukia aliyekilima. Twende tukauulize mwiko wake, nasi tuutunge wa kwetu, unaofaa mahali petu. Maana mwiko wa kuazima, kama koti la Meru katika joto la Mombasa, mtu huuvua akifika kona ya kwanza.

Wewe kijana unayesoma kitabu hiki, siku moja utasafiri. Pengine utakwenda Embu na Meru kutoka Pwani, pengine utatoka huko uje kwetu, ukashangaa kuona watu wasio na ng'ombe wakiziita mashua kwa majina. Utakapoona desturi usiyoijua, usikimbilie kucheka, wala usikimbilie kusifu. Uliza maneno matatu. Kwanza, kitu hiki kina kazi gani kwa wenyewe? Pili, nani anakatazwa, na kwa nini? Tatu, ni nani anayeumia? Swali la kwanza litakuepusha na dharau. La pili litakuonyesha hekima ambayo haionekani kwa macho. La tatu litakuzuia usiite mila kila kitu kilicho cha zamani, kwa kuwa yako mambo ya zamani yaliyokuwa maumivu tu, na wenyewe walikuwa wa kwanza kuyaacha walipopewa nafasi.

Kisha uwe tayari kuulizwa wewe. Watakuuliza habari za kwenu, na huenda wakazijua kuliko unavyodhani. Jibu kwa ukweli, na usione haya. Mgeni aliyesema kweli juu ya kwao huaminiwa asemapo juu ya kwa watu.